Hufungwa Ikiwa Wazi

Nilikuwa kwenye eda, nyumbani kwa wakwe zangu Kisarawe, siku nilipotoka chumbani na kusimama kwenye mkeka wa wanaume. Mjane hafanyi hivyo. Mjane anakaa ndani, na wageni wa kiume wakija anawasikia kupitia pazia na kuitikia pole zao kwa sauti ya chini. Ndivyo nilivyokuwa nimekaa, mtoto mapajani, nikiwasikiliza wageni wawili waliotoka kiwandani Kibaha: afisa utumishi na msimamizi wa mafundi. Walileta mchele na sukari. Baba mkubwa wa marehemu mume wangu aliwapokea vizuri, akawaacha wanywe maji, kisha akawauliza swali ambalo ukoo mzima ulikuwa unalizunguka tangu mazishi. Kijana wao alikufaje hasa?

Afisa utumishi alikohoa kidogo. "Mzee wangu, tuseme ukweli mbele ya Mungu. Ulikuwa ni uzembe kidogo wa marehemu. Alifungua bomba la maji moto kabla ya kufunga valvu."

Baba mkubwa akasema kazi ya Mungu haina makosa. Hapo bado nilivumilia. Kilichonikata maini ni mama mkwe, aliyekuwa amekaa na mimi ndani. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekumbuka jambo la kweli, akasema mwanawe ndivyo alivyokuwa tangu utotoni, mwepesi wa kusahau. Alikuwa ameshakubali. Neno moja la mtu aliyechomekea shati, na mama aliyemzaa ameshamhukumu mtoto wake kaburini.

Nikasimama. Sikuvaa hata ndala. Kwa kuwa nimelelewa, nilianza na shikamooni, na wazee wakaitikia marahaba kabla hawajang'amua ni nani anayewaamkia. Kisha nikamgeukia msimamizi, yule afisa nikamwacha, nikauliza:

"Mkono wa ile valvu ulikuwa wapi?"

Aliinamia glasi yake. Baba mkubwa akaniambia nirudi ndani, eda ni eda. Nikamwambia nitarudi nikishajibiwa, nikauliza tena. Msimamizi akasema, "Shemeji, una uchungu, tunaelewa." Mimi si shemeji yake. Wakaaga kabla chai haijachemka, na gari lao likaondoka.

Kuna watu pale mtaani wanaosema mpaka leo kwamba nilivunja eda kwa ajili ya kipande cha chuma. Basi nitawaeleza hicho chuma.

Mume wangu alikuwa fundi bomba kwenye kiwanda kinachojaza juisi kwenye chupa. Tulipanga vyumba viwili Pangani, ile ya Kibaha, na jioni alikuwa anarudi na harufu ya sukari iliyoungua kwenye nguo. Mimi nimeishia kidato cha nne, na fizikia niliikimbia mapema, lakini nilikuwa napenda kumuuliza habari za kazi yake kwa sababu akianza kueleza anasahau uchovu. Siku moja alitaja batafulai. Nikamuuliza, kwenye mabomba ya moto huko kipepeo kaingia vipi?

Akacheka, akatoka uani, akarudi na ndoo yetu iliyong'oka kitako na mfuniko wa sufuria unaoingia ndani ya ndoo ile bila kubaki nafasi. Akaupitishia mfuniko ukuti katikati, kupitia matundu mawili aliyoyatoboa ubavuni mwa ndoo. Mfuniko wangu mzuri akauharibu hivyohivyo, mbele yangu. Akaniambia nitazame ndani. Ukuti ukiuzungusha, mfuniko unageuka. Ukikaa bapa, umeziba ndoo nzima. Ukisimama kwa ubavu, unaona mwanga pande zote mbili, na ule ukuti katikati kama mwili, na nusu mbili za mfuniko kama mabawa. "Ndiyo batafulai hiyo," akasema. "Sahani, shafti, na raba ya kuzunguka pembeni isivujishe. Hamna kingine."

Alinifundisha vizuri, kuliko walimu wangu. Shafti inatokeza nje ya bomba, na juu yake unapachikwa mkono, chuma kirefu cha kushikia. Robo tu ya mzunguko, umetoka kwenye kuziba kabisa mpaka kuachia kabisa. Na mkono wenyewe unasema: ukilala sambamba na bomba, maji yanapita, ukikatisha bomba kama msalaba, maji yamezuiwa. Huna haja ya kumuuliza mtu, unatazama tu. Katikati hapo ndipo wanapopima maji. Chini ya mkono kuna meno, unaukwamisha kwenye jino unalotaka, robo, nusu, kulingana na mashine inahitaji kiasi gani. Ukishapita nusu na kidogo, alisema, ukizidi kufungua maji hayaongezeki sana. Kazi yote ya kupima iko hapo kati. Na usiifunge kwa pupa. Maji yanayokimbia ukiyakatisha ghafla yanarudi kupiga, bomba zima linatikisika kama limepigwa nyundo. Kwa hiyo zile kubwa zinawekewa gia na usukani, uzungushe mpaka uchoke, ili mjinga asiweze kuzifunga kwa mkupuo.

"Halafu," akasema, amekishika kile kifaa chake cha ndoo kama keki ya harusi, "hata ukiifungua yote, sahani haitoki njiani. Inabaki palepale katikati, maji yanaipita huku na huku maisha yake yote."

Nikamwambia hiyo ni mimi na mama yake, mimi maji, yeye sahani. Alicheka mpaka mtoto akaamka.

Ndivyo nilivyojua habari ya mikono. Kwa sababu kilichokuwa kinamkera kazini, na aliniambia zaidi ya mara moja, ni kwamba msimamizi alikuwa ameing'oa mikono ya valvu zote ndogo na kuifungia kwenye droo ya meza yake. Alikuwa na sababu. Zamu moja ikipita inaongeza maji, zamu nyingine inapunguza, kila fundi anapima kwa jicho lake, juisi inatoka leo nzito kesho nyepesi. Basi akapima yeye, akaweka kila sahani alipotaka, akaondoka na mikono. Anayetaka kugusa valvu aende akamwombe. Mume wangu alimwambia kwamba mkono si wa kuzungushia tu, ni wa kutazamia pia. Ukiuondoa umemfumba macho fundi. Akajibiwa kwamba macho yake yapo ofisini.

Sasa, ile siku ilikuwa ndani ya mwezi wa Ramadhani. Tulikula daku pamoja, akaenda zamu ya asubuhi. Kabla ya adhuhuri simu ikaita, niende hospitali ya Tumbi.

Sitaeleza alivyoonekana. Alikuwa amefungwa bandeji kuanzia kifuani mpaka vidoleni, na uso umevimba hata macho hayafunguki. Manesi walikuwa wema, waliniachia nafasi ya kusimama karibu. Alijua ni mimi. Alikuwa anasema jambo moja, analirudia, kwa sauti iliyokwaruza: "Alisema amefunga. Amefunga. Alisema."

Nilifikiri anazungumzia saumu. Huo ndio ukweli, na ndio unaoniamsha mpaka sasa. Nilidhani anahangaikia kwamba amefungua, kwamba wamempa maji ya kunywa mchana wa Ramadhani. Nikamwambia mgonjwa hafungi, mume wangu, Mungu ameturuhusu, utalipa ukipona. Nikachovya pamba kwenye maji nikamlowesha midomo. Akatikisa kichwa. Akasema tena, amefunga. Nikamwambia tena, hufungi, umesamehewa. Mtu anajaribu kuniambia kilichomuua, na mimi nambembeleza kuhusu saumu. Kesho yake hakuweza tena kusema, na Ijumaa akafariki.

Tukamrudisha kwao Kisarawe, tukamzika jirani na baba yake, mimi nikaingia eda.

Aliyenifumbua ni fundi mwenzake wa zamu ya usiku. Alikuja kwenye hitma, akakaa nje mpaka watu wakapungua, kisha akamwomba baba mkubwa azungumze na mimi kupitia pazia. Baba mkubwa akakaa hatua chache pembeni, anatuona lakini hatusikii. Yule kijana aliniita shemeji. Nilimsikia anavuta kamasi.

Usiku ule, alisema, valvu ya bomba la maji moto ilikuwa inavuja, raba imekwisha. Akaing'oa, akapachika mpya, mkono wake akautumbukiza kwenye droo ya msimamizi kwa upenyo wa juu kama walivyoagizwa, akarudishia lile blanketi la bomba la kuzuia joto. Asubuhi akakutana na mume wangu mlangoni, mmoja anatoka, mwingine anaingia. Mume wangu alikuwa na kazi ya kufungua chujio la bomba lilelile, mbele kidogo ya valvu, alisafishe kabla mashine hazijaanza. Hakujua kama valvu imebadilishwa. Hakuna aliyemwambia, na chini ya blanketi ya zamani na mpya zote sawa. Wakataniana kama watu wanavyotaniana mwezi ule. Mume wangu akamuuliza, "Vipi, leo umefunga au umekula kwa kujificha?"

Yule kijana akamjibu, "Mimi nimefunga, na valvu ya maji moto nayo nimeifunga."

Wakacheka, wakaagana.

Mwenye Kiswahili chake asome hapo tena. Yule kijana aliifunga kama fundi anavyofunga mita, anavyofunga bomba, anavyofunga taa. Aliipachika. Mume wangu akasikia imefungwa kama koki inavyofungwa, maji hayapiti. Wote wawili walisema kweli. Nilimuuliza kupitia pazia, kwa hiyo uliipachika ukaiacha imeziba au imeachia? Akasema, "Shemeji, batafulai hufungwa ikiwa wazi." Ukiiingiza kati ya flanji, zile shingo mbili za bomba zinazoungana kwa bolti, sahani unaipindisha kidogo isikwame, halafu kabla ya kukaza bolti lazima uifungue kabisa, ukizikaza sahani ikiwa imeziba, raba inabanwa vibaya na inaanza kuvuja siku hiyohiyo. Kwa hiyo aliifunga sawasawa, kama alivyofundishwa, na kwa kuifunga sawasawa akaiacha wazi.

Shafti ilikuwa haina mkono. Mkono ulikuwa kwenye droo, na mwenye droo alikuwa hajafika. Mume wangu alimpigia simu akaomba mkono, ahakikishe. Mafundi wengine walimsikia akiomba. Msimamizi akamwambia niko njiani, si umeambiwa imefungwa, anza. Akalegeza bolti za chujio. Maji hayakutoka, kwa sababu pampu ilikuwa bado imezimwa, na hilo likamthibitishia kwamba kweli imefungwa. Akatoa mfuniko wa chujio. Halafu mtu wa upande wa pili, asiyemwona, akawasha pampu kama anavyoiwasha kila asubuhi.

Nilitaka kumchukia yule kijana. Nilijaribu. Nilimwuliza kama kule kazini ameyasema haya, akasema ameyasema yote mbele ya afisa utumishi na msimamizi, na akajibiwa: wewe ulisema umefunga, na kweli ulikuwa umefunga, marehemu ndiye alipaswa kuhakikisha. Nikamwuliza, ahakikishe na nini? Nikamwomba anitolee ushahidi. Akasema, "Shemeji, nina watoto." Na mimi nina mtoto. Lakini nilimwacha aende, kwa sababu alikuwa amekuja mwenyewe, kwa nauli yake, kukaa kwenye nyumba ya mtu ambaye angeweza kuambiwa amemuua, na wale wenye gari walikuwa bado hawajaja.

Walipokuja, mmeshasikia walivyosema.

Baada ya wao kuondoka mama mkwe hakunisemesha mpaka jioni. Alikuwa amekasirika kwa sababu ya mkeka, na kweli nilimwaibisha. Nilimpelekea uji, nikakaa chini karibu na miguu yake, nikamweleza tangu mwanzo: mfuniko, mkono, droo, neno. Alinisikiliza akiwa amegeukia ukuta.

"Mwanangu," akasema mwishoni, "kufunga si ni kufunga?"

Nikamwonyesha mlango wa chumba chake. Ule mlango alitengenezewa na fundi wa hapo mtaani, na fundi alipomaliza kuufunga aliuacha wazi siku nzima ili rangi ikauke, kuku wakaingia mpaka kitandani. Alikuwa ananisimulia kisa hicho kila nikija. Nikamuuliza, "Fundi alipokufungia huu mlango, mama, aliuacha umefungwa?"

Aliutazama mlango. Nilidhani nimempata. Kisha akafuta macho kwa ncha ya kanga akasema maneno yangu ni mazuri, lakini mimi ni mkewe, nitamtetea hata angekuwa mwizi. Wale ni watu wa kiwanda. Wao ndio waliosema mzembe, na wao ndio wanaojua vyuma vyao. "Waje waseme wao," akasema. "Wakisema wao, nitaamini."

Usiku huo nilimsikia upande wa pili wa ukuta akimsomea dua, na katikati ya dua alikuwa anamwombea msamaha kwa uzembe wake. Mama anamwombea mwanawe msamaha kwa kosa ambalo hakulifanya. Nimezaliwa mkali, kwetu Mlandizi wananijua, lakini sijawahi kukasirika kama nilivyokasirika nikiwa nimelala pale, nikisikiliza.

Baba mkubwa alikwenda mwenyewe kumuuliza shehe, akarudi na jibu kwamba mjane anaweza kutoka mchana kwa haja isiyoweza kufanywa na mwingine, mradi arudi kulala. Akaniuliza kama ni kweli haja hii haiwezi kufanywa na mwingine. Nikamwambia, baba, nani mwingine hapa anajua tofauti ya sahani na shafti? Akatabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu msiba. Akanisindikiza.

Ofisi ya mambo ya kazi iko Kibaha. Mpokezi alikuwa kijana wa makamo yangu, si mbaya, alinipa kiti kwa sababu ya mtoto. Akaniambia nieleze kwa kifupi. Nilipofika kwenye maneno ya mlangoni akainua kalamu. "Sasa dada, kama jamaa alimwambia amefunga, na alikuwa amefunga, tatizo liko wapi?"

Nikamwambia, "Umeona? Na wewe umeshaungua."

Akaiweka kalamu chini. Akafikiri, nikamwona mdomo unachezacheza, anajaribu lile neno huku na huku. Kisha akavuta droo, akanipa karatasi nyeupe na kalamu yake, akasema niandike mwenyewe, asije akakosea. Baba mkubwa akampokea mtoto. Niliandika pale pale kwenye kona ya meza yake, nikafuta mara nyingi, na wino ulitapakaa mahali ambapo machozi yalinishinda. Ikapigwa mhuri. Niliyoandika ni haya.

*YAH: MALALAMIKO KUHUSU KIFO CHA MUME WANGU KAZINI NA KUITWA KWAKE MZEMBE*

*Mimi ni mjane wa fundi bomba aliyeungua kwa maji moto kazini na kufariki. Uongozi wa kiwanda umeieleza familia kuwa alikufa kwa uzembe wake kwa sababu hakufunga valvu. Nalalamikia maelezo hayo kwa kuwa si ya kweli.*

*Valvu hiyo isingeweza kufungwa wala kutazamwa na yeye, kwa sababu mkono wake uliondolewa kwa amri ya msimamizi na kuwekwa kwenye droo. Marehemu aliuomba kwa simu akaambiwa aanze kazi. Alikuwa ameambiwa na zamu iliyotoka kuwa valvu imefungwa. Maana yake ilikuwa imepachikwa. Valvu ya aina hii ikipachikwa vizuri huachwa wazi. Hakuna aliyedanganya kati ya mafundi hao wawili, na hakuna aliyezembea. Aliyeelezwa yote haya na mafundi wake mwenyewe, kisha akaja kwenye msiba kusema vingine, ndiye ninayemlalamikia, yaani afisa utumishi.*

*Nimesikia mikono bado ipo kwenye droo. Naomba ofisi yako iende ikaione, na irudishwe kwenye valvu kabla zamu nyingine haijaingia, kwa sababu wanaofungua chujio hilo sasa ni watu wenye wake. Naomba pia mafundi wakatazwe kuambiana imefungwa peke yake. Waseme imepachikwa, au waseme maji yamezuiwa. Shahidi ninaye, lakini sitamtaja mpaka nihakikishiwe hatafukuzwa.*

*Kuhusu neno mzembe, naomba liondolewe popote lilipoandikwa. Ila mahali lilipofanya madhara makubwa haliko kwenye karatasi. Mama wa marehemu ni mtu mzima na hajui kusoma. Jibu la barua hii lisiletwe kwake kwa maandishi. Aliyelitamka neno hilo nyumbani kwake arudi, akae kwenye mkeka uleule, na alitengue kwa mdomo wake, mama akiwa anamsikia.*